Mhariri, na mwenye kuku watano aandikiwe

Mhariri,

Ukurasa wenu wa ufugaji sijawahi kuuruka. Mwingine nimeukata nikauhifadhi kwenye faili moja na karatasi zangu za pensheni. Lakini kila mkifika kwa kuku, hesabu zenu zinaanzia vifaranga mia tano: banda la ukubwa gani, mifuko mingapi ya chakula, trei ngapi za mayai, faida shilingi ngapi. Mimi nina kuku sita na sina mpango wa kufikisha saba. Hapa Ngamiani, Tanga, ukipita uani kwa watu utakuta wafugaji wengi ni wa namna yangu. Wana watatu, wanne, wakizidi sana kumi. Ndio hao ambao ugonjwa wa kideri ukipita wanafukia kuku nyuma ya nyumba na kusema ni upepo mbaya. Naomba na sisi tuandikiwe. Na kwa kuwa ndiye ninayeomba, acha nianze mimi.

Nimekuwa muuguzi miaka 34, sehemu kubwa kliniki ya mama na mtoto. Nilistaafu mwaka 2023. Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka saba, ndiye aliyeomba kuku. Hakuomba wa kula. Alitaka kuku wa kumpa jina.

Februari 2024 nikaenda sokoni nikanunua kuku wanane kwa muuzaji mmoja, wote kutoka kwenye tenga moja. Walikuwa wameokotezwa vijiji tofauti wakachanganywa humo ndani, huyu kamkanyaga yule. Mmoja alikuwa anakoroma kidogo. Nikamuuliza muuzaji, akanijibu ni vumbi la safari. Nikakubali, nikawabeba hadi nyumbani, nikawafungulia uani wote kwa pamoja.

Siku ya nne mtetea mwekundu, ambaye tayari alikuwa anaitwa Mwanahawa, alisimama pembeni ya ukuta mabawa yameshuka. Kinyesi chake kilikuwa kijani, chepesi kama maji. Jioni shingo ikaanza kupinda. Kichwa kinageuka kuelekea mgongoni, anajitahidi kukirudisha, kinapinda tena. Mjukuu wangu alimkalisha mapajani, akamshika shingo kwa vidole viwili na kumnyoosha taratibu ili mdomo ufike kwenye kikombe cha maji. Alifanya hivyo mpaka usiku, sikuweza kumkataza. Asubuhi Mwanahawa alikuwa amekauka. Kufika Jumatatu wamekufa saba. Aliyesalia ni kishingo mmoja mweusi, asiye na manyoya shingoni, na yupo mpaka leo.

Majirani walikuja na upendo wao wote. Mmoja alileta shubiri ya kukatia kwenye maji, mwingine pilipili, mwingine mwarobaini. Yupo aliyekuja na vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwa mgonjwa wake, akaniambia nifungue unga nichanganye na pumba. Hapo nilikataa, na naandika hapa kwa msisitizo: msiwape kuku dawa za binadamu. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinaletwa na virusi. Hakuna kidonge kinachokitibu, cha rangi mbili wala cha rangi moja. Mnachofanya ni kuwazoesha vijidudu vingine dawa, na mabaki yake yanaingia kwenye yai analokula mtoto. Nimeona wodini watoto ambao dawa za kawaida hazikuwafaa tena. Hili si jambo dogo.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba nilikuwa najua la kufanya tangu utotoni. Marehemu mama yangu, kule Pangani, akipata kuku mpya humfunga kamba mguuni na kumwacha chini ya mnazi mbali na wenzake kwa siku kadhaa. Alisema ni ili apajue nyumbani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo tunavyosema, na sote tunadhani ni maneno ya kumweleza binadamu aliyehamia mtaa mpya. Lakini kamba ile ilikuwa inafanya na kazi nyingine, ilikuwa inamtenga mgeni mpaka ajulikane ana nini. Sasa mimi kuku mpya namtenga wiki mbili kamili, upande wa pili wa ua, na chombo chake cha maji. Nawahudumia wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha nanawa na kubadili ndala.

Nilipopata moyo wa kuanza tena sikwenda sokoni. Nilimfuata mama mmoja Pongwe anayefuga na kuchanja, nikakaa kwake saa nzima nikitazama. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huo: nunua mahali unapoweza kuona kuku wanapolala. Macho yawe makavu na maangavu, pua isiwe na kamasi, manyoya ya chini ya mkia yawe safi, magamba ya miguu yawe yamelala, yasiwe yameinuka kama ganda la mti. Mnyanyue, akiwa mwepesi sana na mfupa wa kifua umechomoza, mrudishe. Ukiweza, nenda jioni wakishatulia. Kuku anayekoroma utamsikia.

Nunua tembe wa miezi minne au mitano, usinunue vifaranga. Najua vifaranga wanapendeza, na watoto watalia wakiwaona. Lakini kifaranga asiye na mama anahitaji kinengunengu, yaani kizimba cha kulelea vifaranga, na joto la nyuzi kama 32 hadi 35 wiki ya kwanza, mchana na usiku, na umeme ukikatika saa nane za usiku ni wewe utakayeamka kuwasha jiko la mkaa na kuhofia moshi. Tembe amevuka hayo. Mwezi mmoja au miwili na anaanza kutafuta pembe ya kutagia.

Na jogoo si lazima. Hili nimebishana nalo sana na watu wazima wenye akili zao. Mtetea anataga bila jogoo. Jogoo anahitajika ukitaka mayai yaanguliwe. Kwetu nyumba zimebanana, upande mmoja kuna mzee mwenye shinikizo la damu, upande mwingine mzazi na kichanga chake. Jogoo anawika saa tisa, saa kumi, kabla hata adhana ya alfajiri haijasikika. Sikutaka kuwafanyia hivyo.

Banda langu alilijenga fundi wa mtaani kwa mabanzi na wavu, limeinuliwa futi mbili kutoka ardhini, mita moja kwa mita moja na nusu. Kwa kuku sita wa kulala tu linatosha, kwani mchana wanatoka. Ndani kuna fito mbili za kulalia, nene kama mpini wa jembe, na masanduku mawili ya kutagia yaliyowekwa penye giza, yenye maranda. Kwa sisi wa pwani kinachowatesa kuku ni joto na unyevu kuliko baridi, kwa hiyo pande mbili ni wavu mtupu, na juu ya bati nimetandaza makuti. Wavu chagueni wa matundu madogo. Kicheche anapita penye upana wa ngumi, na akiingia hachukui mmoja akaenda zake. Kunguru weusi wa mji huu nao msiwasahau. Wananyakua yai, wananyakua na kifaranga, mchana kweupe. Nilifunga nyavu kuukuu za wavuvi juu ya uwanja wao wa kuchezea na tangu hapo tumepumzika.

Pembeni kuna shimo la mchanga niliochanganya na jivu la jikoni. Mtetea akishuka mle anajilaza ubavu, anajirushia mchanga mpaka chini ya bawa, anafumba macho. Ndivyo anavyooga, na ndivyo anavyojipunguzia chawa na utitiri. Mjukuu wangu anaweza kukaa hapo dakika ishirini bila kusema neno.

Chakula sitakirefusha, mmekiandika vizuri mara nyingi. Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, majani ya mchicha na mabaki ya dagaa ninayoletewa kutoka soko la samaki la Deep Sea. Dagaa wa chumvi nawaosha kwanza, chumvi nyingi inaua kuku. Makombe ya pwani nayatwanga wapate chokaa ya ganda. Jambo moja tu nalisisitiza: mahindi yaliyoota ukungu msiwape kwa kusema hawa ni kuku tu. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ini la kuku halina nguvu kuliko la binadamu.

Sasa nifike kwenye chanjo, ambayo ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Chanjo ya kideri ipo, na nzuri mno. Ile ya matone inayoitwa I-2 ilianzia Australia, na ya kwetu hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Imetengenezwa ikijua hali zetu, kwa maana inavumilia joto kuliko chanjo nyingi nilizowahi kubeba. Tone moja kwenye jicho moja, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Nilibeba chanjo za watoto kwenye visanduku vya barafu miaka mingi, nikipita kwenye mashamba ya mkonge nikiomba jua lisinizidi, na nilipoelezwa juu ya chanjo hii nilitamani ningekuwa na ya surua ya namna hiyo. Hata hivyo msiiachie juani. Ibebeni kwenye kitambaa kilicholoa, au chupa ya chai yenye barafu kidogo.

Tatizo ni chupa. Nilipokwenda duka la dawa za mifugo, chupa niliyopewa ilikuwa inatosha kuku mia na zaidi. Kuku wangu wakati huo ni wanne. Na ikishafunguliwa haiwekwi kiporo. Muuzaji alinitazama akaniambia, "Mama, kwa kuku wanne utapata hasara, waache tu." Namwelewa. Nadhani ndivyo anavyowaambia wote wenye kuku wanne. Kwa hiyo wenye mia tano wanachanja, sisi hatuchanji, na ugonjwa unaendelea kuzunguka uani kwetu, unawarudia hata hao wenye mia tano. Wauguzi tunajua: ukichanja nyumba kubwa ukaruka vibanda, surua haijaondoka.

Nilichofanya ni kile nilichokijua. Mwaka 2022, mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, tulipita nyumba kwa nyumba na matone ya polio. Nikasema, basi na kuku ni matone. Nikamwona mwenyekiti wa mtaa, akanipa ruhusa na akanipa jina la afisa mifugo wa kata. Nikabisha hodi kwa majirani na daftari, nikiandika nani ana kuku wangapi. Nyumba saba zikakubali, kuku 63. Tuligawana bei ya chupa. Kila nyumba ikatoa kiasi ambacho hakifiki bei ya mayai mawili kwa kila kuku. Bibi mmoja alikataa mwanzoni, akasema kuku wake hawajawahi kuumwa. Sikubishana naye. Jioni ya Ijumaa alimtuma mtoto aje aulize kama nafasi bado ipo.

Tulianza Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, maana wakishatoka huwapati. Afisa mifugo alituonyesha kwa watatu wa kwanza. Unambana kuku kwapani, mabawa yamefungwa, unamlaza kichwa ubavu, jicho linatazama juu. Chupa inasimama wima juu ya jicho bila kuligusa. Tone linadondoka, linakaa juu ya jicho kama shanga, kisha kuku anapepesa na tone linazama. Usimwachie kabla hajapepesa. Akitikisa kichwa na tone likaruka, unarudia. Vijana wawili wa mtaani walikuwa wanakamata, mimi nadondosha, binti wa nyumba ya tatu anaandika. Saa mbili kasoro tumemaliza nyumba zote saba.

Katika wale 63 tuliwaacha wawili waliokuwa wanaumwa. Kuku mgonjwa hachanjwi, na chanjo haimponyi. Pia kinga inahitaji kama wiki mbili ijengeke, kwa hiyo asingoje mtu mpaka asikie wa jirani wamekufa.

Kila nyumba niliipa kadi. Nilikata maboksi ya katoni, nikachora mistari: tarehe, idadi, tarehe ya kurudi. Kama ile kadi ya kliniki ya mtoto. Nimefurahi kuona nyingine zimetundikwa kwa msumari juu ya mlango wa banda. Tangu hapo tumerudia mara tano. Mwaka jana kideri kilipita mitaa ya jirani wakati wa kiangazi, tukasikia vilio. Katika zile nyumba saba alikufa kuku mmoja, naye alikuwa mgeni aliyenunuliwa siku tatu kabla na kuingizwa bandani bila kutengwa.

Najua Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo za mifugo mwaka 2025 na kuku wa asili wamo. Nashukuru kwa moyo wote. Lakini kideri hakiridhiki na chanjo ya mara moja, na watu wengi wa mjini wakisikia neno mifugo wanawaza ng'ombe wa Simiyu, hawamwazi mtetea wao aliye chini ya ngazi. Maombi yangu ni mawili. Maofisa mifugo wa kata wapangiwe siku ya mtaa, moja kila miezi mitatu, itangazwe msikitini, kanisani na kwenye ofisi ya mtaa kama tulivyotangaziwa matone ya polio. Wananchi tutachangia chupa wenyewe. Na ninyi Mhariri, kwenye ukurasa wenu, wekeni kijisanduku kidogo kinachowakumbusha watu kila baada ya miezi mitatu. Mistari minne inatosha.

Wapo watakaouliza faida yake nini, kuku sita. Napata mayai ya kutosha mimi na mjukuu, na ya kumpelekea yule mzee wa jirani. Kuku wa kienyeji anataga kumi, kumi na tano, kisha anataka kuatamia, na mimi namwacha apumzike, simharakishi. Siwachinji. Mgeni akija nanunua kitoweo mahali pengine, na dada zangu wamelizoea, ingawa mmoja bado anaona ni dharau kumpita jogoo wa jirani ukaenda buchani. Jioni saa kumi na moja nawafungulia watoke uani, nakaa kwenye kigoda na kikombe cha chai, na yule kishingo mweusi anakuja kusimama juu ya mguu wangu. Hajawahi kukosa. Nimeishi peke yangu na mtoto mdogo tangu nistaafu, na nasema kweli, saa ile imenirudishia kitu.

Mjukuu wangu sasa ana miaka tisa. Ndiye anayebeba daftari. Mzunguko wetu ujao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na nyumba zimefika kumi na nne. Walio mitaa ya karibu yetu na wanataka kujiunga, waache majina na idadi ya kuku ofisi ya mtaa kabla ya Alhamisi ili tujue chupa ngapi za kununua. Kuku wasifunguliwe asubuhi hiyo mpaka tupite.

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga.